Muuguzi wa leba aingieje katika ualimu wa simulesheni?

Sista wa Leba, Tabora
Habari za kazi, ndugu wauguzi na wakunga. Mimi ni muuguzi mkunga mwenye stashahada, niko leba katika hospitali ya wilaya mkoani Tabora. Tangu tulipoingizwa kwenye mpango wa Safer Births, wa kufanya uzazi uwe salama zaidi, nimekuwa nikisimamia mazoezi mafupi ya wenzangu kwa midoli ya NeoNatalie (mtoto mchanga) na MamaNatalie (mama anayejifungua), na kufundisha kwa namna hii, yaani simulesheni, kwa kuigiza tukio la wodini kabla ya kukutana nalo kwa mgonjwa, kunanivutia kuliko jukumu jingine lolote nililowahi kupangiwa wodini. Muuguzi kiongozi ananiunga mkono, lakini hakuna anayeweza kuniambia kama hii ni kazi ya kuajiriwa, au ni jukumu la ziada litakalokoma mradi utakapofungwa. Je, nirudi shule kwanza? Na kama ni shule, nisome ualimu, ukunga au kompyuta?

Mkufunzi, Dodoma
Sista, nikujibu kwa upande wa vyuo. Katika vyuo vyetu vya kati si rahisi kukuta tangazo la nafasi ya mwalimu wa simulesheni. Mtu huajiriwa kama mkufunzi wa uuguzi, kisha hukabidhiwa maabara ya stadi, mara nyingi kwa sababu wenzake hawaitaki. Hupewa funguo, midoli iliyochanika mikono, na wanafunzi wengi kuliko vitanda. Kwa hiyo stashahada peke yake itakubana: vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza ya uuguzi au ukunga pamoja na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kozi ya mbinu za kufundishia hukuongezea uzito. Kompyuta iache kwanza. Fundi wa mitambo hupatikana; mkunga anayejua kufundisha ni adimu.

Mkunga wa Manyara
Naomba kutofautiana kidogo na Mkufunzi, si kuhusu shahada bali kuhusu kipi kitangulie. Huku kwetu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ililiona jambo hili mapema. Kozi ya Helping Babies Breathe, ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, iliyozinduliwa mwaka 2010, ilipotolewa kwa siku moja, watumishi walifanya vizuri zaidi mbele ya mdoli, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mazoezi ya namna hiyo hayadumu bila mtu wa kuhakikisha yanafanyika hata zamu ikiwa nzito, na kwenu mtu huyo ni wewe.

Ualimu wenyewe utaupata hapo hapo. Jaza NeoNatalie maji ya uvuguvugu, mkabidhi mwenzako bila maelezo, nawe ushike vipira vinavyoleta mapigo ya kitovu, pumzi na kilio. Mtoto asipolia, tazama mkono wa mwenzako unaenda wapi kwanza, kwa sababu wengi huendelea kufyonza ute huku Dakika ya Dhahabu, yaani dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, ikiisha, ilhali mtoto anasubiri kupewa pumzi kwa begi na barakoa. Usimkatize. Akimaliza, usianze kumsomea makosa, bali muulize alikuwa akiwaza nini alipochukua kifyonzi, kisha unyamaze mpaka ajibu. Mwenye kuweza mazungumzo hayo ndiye mwalimu, na kila zoezi liandike: tarehe, aina ya tukio, mahali watu walipokwama, na mlichobadilisha baadaye.

Muuguzi Mkenya, Uingereza
Huku ni kazi inayojitegemea. Baraza la wauguzi na wakunga la hapa, NMC, tangu 2023 linaruhusu hadi saa 600 kati ya saa 2,300 za mafunzo kwa vitendo zifanyike kwa simulesheni, na saa hizo zinahitaji wauguzi wa kuziendesha. Hata hivyo, wenzangu wengi waliingilia wodini: walikuwa wakiwalea wanafunzi, wakajitolea kuigiza wagonjwa siku zao za mapumziko, ndipo wakapewa mikataba ya saa chache. Hata cheti cha ualimu wa simulesheni cha CHSE kinachotolewa Marekani hutaka uwe umefundisha kwa njia hii miaka miwili kabla ya kufanya mtihani, kwa hiyo kumbukumbu anazozitaja Mkunga zitakufaa hata ukivuka mpaka. Kuhusu kompyuta simuungi mkono Mkufunzi. Midoli mikubwa huendeshwa kwa programu, na mwalimu asiyeweza kupanga tukio mwenyewe hulazimika kufundisha kile tu alichoandaliwa na fundi.

Sista wa Leba, Tabora
Nashukuru sana. Nitaanza na daftari sasa, na maombi ya shahada yatafuata. Mkunga, kumbukumbu hizo zisainiwe na nani ili zikubalike?

Mkunga wa Manyara
Muuguzi kiongozi azisaini kila mwezi, na mganga mfawidhi aweke muhuri mwisho wa mwaka. Majina ya wenzako usiyaandike, tumia namba. Wakisikia kwamba makosa yao ya mazoezini yanasomwa ofisini, hawatagusa mdoli tena.