Naomba ushauri: tulete bafle nzima (spika ndani ya sanduku lake) au spika tupu?

Wandugu wa Lubumbashi, tangu Marekani ipandishe ushuru wa bidhaa za China mwaka 2025, naogopa bei za ampli (vikuza sauti) na bafle kuyumba hata kwetu. Tena mpakani Kasumbalesa ushuru hupigwa juu ya bei, usafiri na bima, kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) 16% juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Yaani sanduku lililojaa hewa linaongeza kila hesabu! Nafikiria kuleta spika za inchi 8, twita (spika ndogo za sauti nyembamba) na krosova (kigawa sauti nzito na nyembamba) tu, masanduku tuchonge hapa kwa mbao za MDF za milimita 18. Ila ujazo wa sanduku ukikosewa, besi inavuma hovyo. Je, spika tupu na bafle, zote zikiwa namba 8518 ya forodha, hutozwa kiwango kimoja? Tafadhali mwenye tamko la forodha la karibuni anijibu.