Ritani za kampuni miaka mitatu hazijaingia kwa msajili: nifaili mwenyewe, nimlipe wakala, au niifunge?

BintiWaMarikiti
Assalaam alaykum jamani. Mimi na kaka yangu wa Likoni tuna kampuni ndogo ya viungo, tuliisajili 2019. Tunapelekea mahoteli iliki, mdalasini na pilipili manga. Ritani za KRA, mamlaka ya kodi, hatujakosa hata mwaka mmoja, hata wakati wa korona tulipeleka ya sifuri, kwa hivyo nilijua tuko sawa. Juzi hoteli moja ya Nyali ikataka CR12 mpya, ile hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kabla ya kutia sahihi mkataba. Kuifuatilia, naambiwa kwa msajili hatujafaili miaka mitatu. Mwenzangu wa duka la jirani anasema nifaili mwenyewe eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, shemeji anasema nitafute wakala, kaka anasema tuiache ife tusajili nyingine. Nishike lipi?

MhasibuWaTudor
Waalaykum salaam, dada. Wengi wamenaswa hapo, kwa sababu zote mbili zinaitwa ritani. Ya KRA ni ya kodi, na kampuni huipeleka ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Ya msajili wa kampuni, ile CR29, haiulizi faida wala hasara. Inauliza wakurugenzi ni nani, hisa ziko kwa nani, ofisi iko wapi. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaitaka kila mwaka, na siku yake huhesabiwa kutoka tarehe mliyosajiliwa. Ikifika, mna siku 28. Toa cheti chenu uangalie tarehe, usiende na Desemba wala Juni.

Mimi ningefaili mwenyewe. Miaka mitatu ni ritani tatu, kila mwaka na yake, ukianza na ule wa zamani. Andika hali ilivyokuwa mwaka ule. Kama kaka alihama nyumba 2023, anwani mpya haiingii kwenye ritani ya 2022.

MzeeWaMwembeTayari
Naunga mkono, ila kabla hujakaa kwenye kompyuta uliza kitu kimoja: akaunti ya eCitizen iliyosajili kampuni ni ya nani? Mimi nilisajiliwa na wakala, akatumia barua pepe yake na nambari yake ya simu. Nilipotaka kufaili, kampuni yangu haionekani kwenye akaunti yangu. Simu yake haishikwi, ofisi imehamwa, mlangoni kumebaki misumari ya kibao tu. Ilinibidi niombe kampuni iunganishwe na akaunti yangu, na cheti, kitambulisho na PIN ya kodi nikaambatanisha. Kufaili kwenyewe kulikuwa kazi ya asubuhi moja, huko kuunganisha ndiko kulikonila wiki.

BintiWaMarikiti
Akaunti ni ya kaka, alhamdulillahi. Basi huyo wakala ana faida gani?

MhasibuWaTudor
Ana faida kama hisa zimehama, mkurugenzi amefariki, au wenye kampuni hawasemezani. Hapo lipa mtu anayejua. Wewe na kaka yako mko wawili na hisa hazijaguswa. Na mtu asikutishe kwamba lazima uajiri katibu wa kampuni: kampuni binafsi yenye mtaji uliolipwa chini ya shilingi milioni 5 hailazimiki.

Jambo jingine, tazama kama mliwahi kujaza wamiliki halisi, yaani watu wenyewe walio nyuma ya kampuni. Rejista hiyo ya mtandaoni ilianza 2020, nyinyi mlisajili kabla. Kila mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi huandikwa.

MamaNyavu
Mimi nitasema juu ya kufunga, maana nilipita huko. Bi mdogo, usiiache ife. Kampuni isiyofaili msajili anaweza kuiona haifanyi kazi, akaifuta. Ikishafutwa, kilichobaki kwa jina lake, hata pesa za benki, kinakuwa mali ya serikali. Kuirudisha kunaombwa ndani ya miaka sita, na ritani zile zile ulizozikimbia zitakungoja hapo.

Kuifunga wenyewe kwa kuomba kunakubaliwa, lakini sharti kampuni iwe imekaa miezi mitatu bila biashara, kisha tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali na watu wapewe nafasi ya kupinga. Wewe wauza viungo kila siku, utakaaje miezi mitatu mikono mitupu? Na deni la KRA halifutiki kwa kusajili jina jipya. Mimi nilisahau ritani za kodi nikidhani nimeshafunga, ikanijia faini ya shilingi 20,000 kwa mwaka mmoja tu. Nilipouza mashua yangu, nusu ya pesa ilienda huko.

MzeeWaMwembeTayari
Tena kampuni mpya haina historia. Hoteli itakuuliza umeanza lini, utasema jana.

BintiWaMarikiti
Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Jana kaka alivuka na feri, tukakaa na cheti mezani, bahasha yake bado inanuka karafuu. Tumefaili miwili. Wa tatu umekwama, herufi moja ya jina la kaka haifanani na kitambulisho. Kesho asubuhi naenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale Posta, Digo Road. Hoteli nimewapigia nikawaeleza ukweli, wamenipa hadi Ijumaa.

MhasibuWaTudor
Beba kitambulisho chake chenyewe, si nakala. Na risiti za hiyo miwili zichapishe leo, uende nazo.