Naombeni ushauri: nikitoka kanisani Jumapili naishia soko la Kibuye hapa Kisumu na pesa ya karo inabaki huko

MamaJuni_Kondele:
Bwana asifiwe wapendwa. Hii nimeandika nikafuta mara 3 juu ya aibu lakini leo wacha tu niseme. Mimi nimeokoka, naimba kwaya, pombe sijawahi onja, lakini nguo imenishinda. Kila Jumapili ibada ikiisha nashuka Kibuye, najiambia naenda kuangalia tu, halafu nikisikia beli ya mtumba imefunguliwa miguu inaenda yenyewe. Gauni 100, sketi 50, sweta ya mtoto 80, unaona ni kidogo kidogo lakini nikifika nyumbani 1,500 imeenda na sina hata nyanya ya kupika. Saa hii nimeanza kuficha. Wiki jana niliweka mfuko nyuma ya mtungi wa maji jikoni ndio baba watoto asiuone, kumbe kijana wangu wa Gredi 4 amesimama mlangoni, akaniuliza "mum, hii ni ya kuvaa ama ya kuficha?" Tangu siku hio silali vizuri. Karo imebaki 4,200 na nilikua nayo, ilikua kwa simu. Jana usiku nimetoa sanduku chini ya kitanda nikahesabu gauni 23 ambazo sijavaa hata moja. Kanisani wakihubiri kiasi wanaongea pombe na uzinzi na mimi naitikia amina kwa nguvu. Sasa nauliza, hii ni dhambi ama ni tabia tu, na mtu huacha aje? Tafadhali msinitusi.

Mtumishi_Kakamega:
Pole dadangu. Funga siku 3 uombe, hio ni roho ya kupenda dunia, ikemee kwa jina la Yesu.

DerevaWaNakuru:
Mtumishi nakuheshimu lakini kufunga peke yake hakutatosha, naongea kitu nimepitia. Mimi naendesha lori, usiku mwingi nalala Salgaa, na yangu ilikua nyama. Kila usiku kilo nzima na soda 2, peke yangu. Kanisa letu likafunga siku 21 nikajiunga, nyama sikugusa, halafu siku ya 22 nikakula ya siku zote 21. Mwishowe kidole gumba cha mguu kikavimba nikashindwa kukanyaga klachi, hospitali wakaniambia ni gauti na nyama nipunguze. Hapo ndio 1 Wakorintho 6:12 ilinifungukia. Paulo anasema vitu vyote ni halali kwangu lakini sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Kwa hivyo dada usikwame sana kwa hio swali ya dhambi ama tabia, angalia nani anamwamuru mwenzake, wewe ama gauni. Mimi saa hii nyama nakula Jumamosi nyumbani na watoto, barabarani nakula ndengu na chapati, juu niligundua nikiwa peke yangu ndio nazidisha. Wewe pia kwa vile unaficha, hapo ndio pa kuangalia.

MwalimuBusia:
Mama Juni, soma Mithali 25 yote ukitulia. Mstari wa 16 unasema umeona asali, kula ya kukutosha usije ukaitapika. Asali haijakatazwa hapo! Halafu ukishuka mpaka 28 anasema mtu asiyetawala roho yake ni kama mji uliobomolewa usio na kuta. Mji wa zamani bila ukuta hauhitaji hata adui mwenye nguvu, yeyote anayepita anaingia. Ukuta wako umebomoka upande mmoja tu, Jumapili ibada ikiisha, jenga hapo. Karo tuma shuleni Ijumaa pesa ikiingia, simu muachie mzee, kanisani enda na sadaka na nauli. Na kiasi kwa Wagalatia 5 kimeandikwa kama tunda la Roho, matunda hayaivi kwa usiku mmoja, lakini hata mwembe mchanga unazungushiwa miiba mbuzi wasiukule, sindio? Kitu kingine, usiseme utaanza mwezi ujao. Matendo 24, Paulo akiwa mfungwa aliongea na liwali Feliki habari ya haki na kiasi na hukumu, Feliki akaogopa kabisa, lakini akamwambia enda kwanza, nikipata nafasi nitakuita. Miaka 2 ikaisha Paulo bado amefungwa.

MuuzaMtumba_Kibuye:
Mimi nauza hapo Kibuye na nimesoma hii nikasikia vibaya juu nawajua wateja kama wewe. Yule anataka nguo huja akiuliza saizi, anaipima mgongoni, anaangalia zipu. Mwenye shida hashiki saizi, anashika mkono wa nguo tu. Beli ikifunguliwa kila mtu anakimbilia kamera, zile nguo safi za kuchagua kwanza, na ile haraka ya kuogopa mwenzako ataichukua ndio inamaliza pesa yako kuliko nguo yenyewe. Jumatano watu ni wachache, ukihitaji kitu kuja siku hio na ujue unataka nini. Hizo 23 usigawe kwa hasira, lete tuziuze, hata nusu ya pesa ikirudi ni karo. Na wengine hapa msiite mtumba roho ya dunia, tumesomesha watoto nayo.

Mtumishi_Kakamega:
Mama wa Kibuye nimekubali, nilijibu haraka. Dada kuomba nitaendelea kukuombea. Mzee anajua?

MamaJuni_Kondele:
Mungu awabariki jameni, nimesoma zote mara 2, ya ukuta nimeandika kwa karatasi nikabandika ndani ya kabati. Mzee sasa anajua. Nilimwambia jana akitoka kazi ya boda hata kabla avue jaketi, nikijua nikingoja akule nitanyamaza. Hakupiga kelele. Aliomba kuona sanduku, akatoa moja moja akiweka kitandani, akafika kwa sweta ya Juni ya rangi ya kijani nilinunua mwaka jana nikasahau, akamwita mtoto avae, mikono ikafika hapa kwa kiwiko. Akakaa nayo kwa magoti muda mrefu. Baadaye akasema Jumapili atanipitia kanisani na piki turudi nyumbani pamoja. Mama wa Kibuye nikuje Jumatano saa ngapi, asubuhi ama jioni?

MuuzaMtumba_Kibuye:
Asubuhi saa 3. Zifue na uzipige pasi kwanza.