Yule mwanaume wa kwenye tamthilia ya jana usiku, jina lake silitaji humu

Wakuu, nimezima televisheni mikono inatetemeka. Mnamjua. Jina lake likipita mdomoni mwangu leo itabidi nisukutue.

Mke yuko hospitalini siku ya tatu, hajitambui. Kilichomlaza ni nini? Alitoa figo akampa mama wa huyo huyo mwanaume, mama ambaye msimu mzima alikuwa anamwita tasa mbele ya wageni. Mtu katoa figo! Basi bwana mkubwa akaingia wodini, koti limenyooka, nywele zinang'aa mpaka taa ya chumba ikawa haina kazi. Akamshika mkewe mkono. Nikajua sasa analia. Nikavuta na leso kabisa nilie naye.

Kumbe anavua pete.

PETE. Kidoleni mwa mgonjwa. Ikagoma, maana vidole vimevimba, akailainisha kwa MATE. Mashine inalia tii, tii, yeye anazungusha tu kama anafungua kifuniko cha chupa. Ilipochomoka akaifuta kwenye shuka la mgonjwa! Shuka alilofunikwa mwenye pete!

Na imekwenda wapi? Kwa mdogo wake mgonjwa. Alikuwa kasimama mlangoni anajipaka rangi ya mdomo. Akaivaa, akanyoosha mkono kwenye mwanga, akasema, "Imenikaa." Dada yake yuko hatua tatu, anapumua kwa mpira.

Sina hoja ndefu. Alitumia mate.

Rimoti_Mkononi: Mimi nilimrushia mto. Ukampita, ukaangusha saa ya ukutani. Hata kwangu ananitia hasara.

Mzee_wa_Vipindi: Mleta uzi, tulikwambia tangu msimu wa kwanza, alipouza farasi wa baba yake akasingizia wezi. Ukamtetea humu humu, ukatuandikia aya sita kwamba "ana jeraha la utotoni". Jeraha linaendeleaje?

Mleta uzi: Nilimtetea kwa farasi. Kwa mate sijamtetea na sitamtetea. Mgonjwa hajitambui, wewe unaniletea farasi?

Machozi_ya_Saa_Tatu: Mdogo mtu mbona mnampitia pembeni? Huyu kazaa na mdogo wa huyo mwanaume. Akaposwa na baba yao. Sasa kavaa pete ya dada yake. Yule mtoto, babu yake nusura awe baba wa kambo, sasa zamu ni ya baba yake mkubwa. Angalau huyo hatabadilisha jina la kumwita.

Mgeni_88: Tamthilia gani hii?

Rimoti_Mkononi: Toka.

Kiti_cha_Mbele: Mnapoteza hasira zenu. Atapigwa risasi ya bega, atalia mvuani, atasamehewa. Mchezo huu ni wa zamani. Kwenye tamthilia ya General Hospital ya Marekani, mwaka 1979 Luke alimbaka Laura. Mwaka 1981 wakafunga ndoa, watu wapatao milioni 30 wakakaa kutazama harusi. Kama ubakaji ulivishwa shela, mate ya kwenye pete ni nini kwa waandishi hawa?

Mleta uzi: Ndiyo maana napiga kelele mapema! Wakimleta mvuani mimi simo. Mliona alivyoifuta kwenye shuka?

Bibi_Harusi_wa_Pili: Tuliona. Mimi kidonda changu ni tamthilia ya Dallas. Bobby alikufa 1985, mkewe akaomboleza, msimu mzima ukapita, watu wakaolewa na kuachika. 1986 mke anafungua mlango wa bafuni, anamkuta marehemu anaoga. Msimu wote ulikuwa ndoto! Nililia machozi ya bure kwa mtu anayejipaka sabuni.

Mzee_wa_Vipindi: Na sabuni ndiyo iliyotufikisha hapa. Michezo hii ilipoanza redioni Marekani miaka ya 1930, waliokuwa wakiidhamini ni watengeneza sabuni, mpaka Wamarekani wakaiita kwa jina la sabuni. Usafi wenyewe hatujauona.

Machozi_ya_Saa_Tatu: Kinachoniua mimi ni watoto. Wa mwanasheria kapanda ngazi kwenda kulala ana miaka sita. Wiki mbili baadaye kashuka ana ndevu na mchumba. Mama yake hata hajabadilisha gauni.

Kiti_cha_Mbele: Na sauti walizowaingizia je? Bibi mwenye kiti cha magurudumu na binti yake wa mwisho ni mtu mmoja anayeongea. Juzi waligombana, mtu kajitukana mwenyewe dakika kumi nzima.

Rimoti_Mkononi: Halafu ikifika Ijumaa mlango unagongwa, kila mtu anageuka, muziki unapanda, kwisha. Jumatatu aliyegonga ni mleta barua.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye pete.

Bibi_Harusi_wa_Pili: Pete tumeielewa. Mleta barua ana siri, tazameni viatu vyake. Mleta barua gani anavaa viatu vile?

Machozi_ya_Saa_Tatu: Ni mume wa kwanza wa bibi. Mwendo ule ule.

Mgeni_88: Na yule farasi alipatikana?

Mzee_wa_Vipindi: Alionekana harusini, anavuta gari la maua.

Rimoti_Mkononi: Siyo yeye. Aliyeuzwa alikuwa jike.

Mzee_wa_Vipindi: Dume. Tazama tena kipindi cha mafuriko, halafu urudi hapa.