Ndege ikipata dharura, nimsikilize nani: kompyuta au mikono yangu?

Mwanagenzi_Anga: Habari zenu wakuu. Najifunza urubani, bado niko kwenye ndege ndogo za injini moja, ila ninakotaka kufika ni ndege za abiria. Mkufunzi wangu ana msimamo mmoja: mambo yakiharibika, zima otomatiki zote, rusha kwa mkono. Mwenzangu darasani anabisha kwamba ubabe huo ndio unaoua. Mlio kwenye fani, nijenge tabia gani tangu sasa? Tafadhali msiniambie "inategemea" mkaishia hapo.

Kipanga: Samahani mkuu, inategemea 😂 Kwenye Airbus A320, mifumo ikiwa mizima, hata uvute kijiti cha kuongozea mpaka mwisho kompyuta haikuachii uinue pua hadi mabawa yakose mnyanyuko. Boeing kwa desturi humwachia rubani: akikaza usukani, anapita. Januari 2009 A320 ilivamia bata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu, ikatua mtoni Hudson na watu wote 155 wakapona. Rubani Sullenberger aliwahi kuwasha injini ndogo ya mkiani, kompyuta hazikukosa umeme. Sasa hapo nani aliokoa, mtu au mashine?

Fundi_Mitambo: Usisahau Boeing 737 MAX. Lion Air Oktoba 2018, watu 189. Ethiopian Machi 2019, watu 157. MCAS, programu ya kushusha pua yenyewe, ilisikiliza sensa moja tu ya pembe ya ndege. Sensa ikidanganya, pua inasukumwa chini, tena na tena. Ajali ya kwanza inatokea, marubani hawajaelezwa hata kwenye vitabu vyao kwamba kitu hicho kipo! Wale wa Ethiopian walikata umeme wa mota inayogeuza bawa la mkia kama maelekezo yalivyosema, lakini kasi ilishakuwa kubwa, gurudumu la kuligeuza bawa hilo kwa mkono likagoma. "Rusha kwa mkono" ilifika mwisho hapo.

Mwanagenzi_Anga: Kwa hiyo nisimwamini yeyote?

Rubani_Mzee: Kijana, tazama Air France 447, Juni 2009. Mirija ya kupima kasi iliziba kwa barafu, otopailoti ikajitoa, ulinzi wa kompyuta ukapungua. Ndege ilikuwa inaruka vizuri tu. Mwenye kijiti akavuta pua juu, onyo la kukosa mnyanyuko likalia, wakaanguka baharini watu 228. Mamlaka yote walikuwa nayo. Hawakujua ndege iko katika hali gani.

Tabia ya kujenga ni hii: sema kwa sauti mashine inafanya nini sasa hivi. Ikifanya usichoiagiza, shuka ngazi moja ya otomatiki, si lazima uzime kila kitu. Usipoielewa kabisa, itoe, weka pembe ya pua na nguvu ya injini unazozijua kwa kichwa, tulia. Hizo namba zikariri hata kwenye kandege kako hako. Kisheria neno la mwisho ni la nahodha, hilo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, walishalimaliza, lakini sheria haikusomei vipimo.

Mwanagenzi_Anga: Asante mzee wangu. Na mkufunzi nimwambieje?

Rubani_Mzee: Usibishane naye. Muulize tu: nizime swichi ipi, na nikishaizima kinabaki nini?