Viazi vya chipsi nikiviweka vinakuwa vyeusi kwenye mafuta, nakosea wapi?

Mzee wa Kaango:
Wakuu habari za jioni, nina banda la chipsi huku Mbagala, mwezi uliopita viazi vilishuka bei nikajibana nikachukua lumbesa tatu (yale magunia ya kujazwa kupita kiasi) za Njombe nikasema hapa nishamaliza. Moja nikaipanga kwenye friji la soda la shemeji maana lilikuwa limekaa tu, mbili stoo. Sasa vya stoo vimechipua na vingine vinatoa maji, vya friji ukivishika viko freshi, vigumu, ila ukitia kwenye mafuta dakika mbili tu vishakuwa kahawia na ndani vibichi, halafu vina utamu utamu. Jana mteja kanirudishia sahani. Mafuta nimebadilisha mara mbili, wapi!

binti_uyole:
Friji hilo kaka. Kiazi kikikaa chini ya nyuzi 7 au 8 hivi wanga unageuka sukari, na sukari ndo inayoungua. Usitupe, vitoe uvitandaze gizani wiki mbili tatu, kila baada ya siku chache kata kimoja ukaange uone rangi. Vingi vinarudi, sio vyote.

Mzee wa Kaango:
Wiki tatu na joto hili dada si vitaota msitu?

binti_uyole:
Vitaota kidogo, unavunja machipukizi. Kilichogeuka kijani ndo usimuuzie mtu, kina sumu.

dalali wa Makete:
Mkuu ulipigwa shambani. Chukua kiazi sugua ganda kwa dole gumba, likitoka hicho kilivunwa kichanga, hakikai. Huku tunafyeka majani kwanza tunasubiri kama wiki mbili ndo tunang'oa. Na lumbesa yenyewe (ilishakatazwa ila nani anasikia) vya chini vinachubuka, kimoja kikioza kinaondoka na wenzake. Mwaga vyote, chagua, panga kwenye kreti, giza, hewa ipite, usioshe. Sisi tunabebwa na baridi, Dar chukua vya wiki moja moja tu.

Nyandarua254:
Pia aina buda. Huku Kenya aina ya Shangi inaiva haraka wenye hoteli wanaipenda, lakini kuchipua ni mbio sana. Ya kuweka sio hiyo.

Mzee wa Kaango:
Nimevitoa vyote, nimetandaza chini ya kitanda na magunia juu, chumba kinanuka shamba, wife kanuna. Leo nimejaribu kimoja, bado cheusi.