Ziwa likiwa kijani, nani anashiba?

Wadau, niliposema Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria pale Kisumu, inaugua, ndugu mmoja alinijibu kwamba mwani ni chakula: kijani kikizidi, samaki nao watazidi. Hata wavuvi wa siku nyingi husema hivyo, na si upuuzi. Mwani ni chakula kweli. Lakini mwani upi?

Zamani Ziwa Victoria lilijaa diatomu, mwani mdogo unaolika vizuri. Kufikia miaka ya 1980 sayanobakteria, bakteria wa kijani wanaoitwa pia mwani, walikuwa wameshika usukani, aina ya Microcystis ikiwemo. Ghuba ikichafuka, chota maji pale Dunga, ufuo wa Kisumu, yaache yatulie kwenye chupa ya kioo. Kijani chote kitapanda juu na kutanda kama rangi ya mafuta, maana seli zile zina vifuko vya hewa. Tena zimegandana kwa ute, na hapo ndipo dafnia anapoumia. Kadudu haka, kadogo kama punje ya ulezi, hula kwa kuchuja maji. Mafundo yale humziba. Hushinda akiyatoa badala ya kula. Machache anayoyameza yana lishe duni, na mengine yana sumu ya maikrosistini. Atazaa nini? Na omena, samaki wetu mdogo, anamtegemea yeye na wenzake.

Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni chini. Konokono na kome hawana mbio za kuikwepa hali hiyo. Mabuu mekundu ya wale wadudu wanaopaa ziwani kama moshi hustahimili, hata hustawi. Kwa hiyo anayehesabu idadi tu ataona tope limejaa uhai na kusema mambo shwari. Muhimu ni kujua nani amebaki na nani ametoweka.

Msimamo wangu: kibali cha kizimba kipya cha kufugia samaki ndani ya ghuba kisitolewe kabla tope la pale halijachotwa na viumbe wake kutambuliwa. Najua vizimba vinalisha familia nyingi, na najua maji taka ya mjini na mbolea inayoshuka na mto Nyando vinachangia mno; navyo vibanwe. Lakini mabaki ya chakula cha samaki huongeza fosforasi ileile inayolisha mwani, katika ghuba yenye kina kifupi na mlango mwembamba upande wa Rusinga. Oksijeni ikiisha, samaki wa kizimbani ndiye asiye na pa kukimbilia.

Anayepinga sharti hilo aniambie: sasa hivi mfugaji anajuaje kwamba chini ya kizimba chake bado kuna uhai?